Masalkheri ya Asubuhi kwa Bibi Aruera

Nibia Techera alikuwa hasalimii watu, ila kulikuwa na mti mmoja akiupitia lazima ausalimie.

Pale kijijini Cañada Brava walishamzoea. Anapita na mkokoteni wake wa kuni, shoka begani, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Ukimwambia "habari" anakujibu "kwani vipi?" Si kwamba ana roho mbaya. Ni moto wa karatasi tu, unawaka fwaa, dakika mbili umezimika, na siku paa lako likianguka yeye ndiye wa kwanza kufika na shoka lake. Lakini hizo dakika mbili, mwenyewe ujipange.

Umri ishirini na saba, na miaka kumi yote anakata kuni vilimani. Hana bosi. Anaishi na shangazi yake Olinda aliyemlea tangu ana miaka minne, mwanamke mwembamba kama mpini wa fagio, mvivu wa maneno, na kwenye karata usimguse.

Sasa, huo mti. Unaitwa aruera. Ukiuangalia hata hauna sura ya ubaya, majani yake yanang'aa, umetulia zako katikati ya wenzako kama mama wa kanisani. Lakini utomvu wake! Ukikugusa leo, kesho ngozi inawasha, keshokutwa imevimba na imetoa malengelenge. Ndiyo maana kila mtu wa vilima vile akiupitia anausalimia, tena anausalimia kinyume. Asubuhi unasema masalkheri. Jioni unasema sabalkheri. Kwa nini? Kamuulize aliyeanzisha. Wanasema Bibi Aruera anapenda adabu na anapenda kudhuru, vyote viwili, basi wewe mpe adabu yake na hapohapo mvuruge kichwa. Akija kushtuka kwamba jua liko utosini, umeshafika kwenu unakunywa yerba, chai ya majani ya kule.

Shangazi Olinda alikuwa anafungua mpaka kitambaa cha kichwa. "Masalkheri, Bibi Aruera. Za kushinda?" Saa nne asubuhi hiyo. Nibia naye anasalimia kwa kununa, meno yamebana, lakini anasalimia. Wilaya nzima ni mti tu uliokuwa unapata salamu yake.

Mwezi wa tano ule, lakini, akili ya Nibia haikuwa kwenye miti. Ilikuwa kwenye kiti.

Kiti chenyewe kiko klabu, meza ya katikati, fainali ya truco, Jumapili saa kumi alasiri. Truco ni karata za wawili kwa wawili, na uongo umeruhusiwa. Mwenzako anakaa mbele yako, na karata zako unamwambia kwa uso. Kukonyeza kuna maana yake, kung'ata mdomo kuna maana yake, kuvimbisha shavu kuna maana yake. Maadui nao wamekutolea macho wakuibie ishara. Miaka sita mfululizo kombe lilikuwa linaondoka na ndugu wawili wa Paso del Tala, akina Silvera, na mkubwa wao, Ruperto, alikuwa anaiba ishara hata kwenye uso wa farasi. Na tangu klabu ile ijengwe, hakuna mwanamke aliyewahi kukaa meza ya fainali. Nibia na shangazi yake walikuwa wa kwanza. Waliwatoa wanaume jozi tano.

Jozi ya mwisho kutolewa ilikuwa ya Heber Pintos na shemeji yake. Heber ndiye mchoma nyama wa klabu, mtu wa tumbo na maneno. Kwa kanuni, wao ndio wa akiba. Saa kumi ikigonga na kiti kitupu, wanakaa wao.

"Wanawake?" Heber aliwaambia watu kaunta. "Mmoja atapata mafua, mwingine atapata kichwa. Saa kumi mimi nimekaa pale, nimekunja nne."

Nibia alikuwepo. Aliruka kaunta. Walimshika watu watatu, na wa nne alishika chupa.

"Nitakuja hata kwa machela!" alipiga kelele. "Umenisikia, we kitambi? Hata kwa machela!"

"Sawa bibie, machela tutakutafutia."

Shangazi Olinda alimvuta mkono, akamwambia njiani, "Tatizo lako si Heber. Tatizo ni huo uso. Ukipata karata nzuri unawaka kama taa, ukipata mbaya unanuna. Ruperto Silvera atakusoma kama tangazo."

Nibia alijua ni kweli, ndiyo maana alinuna mpaka nyumbani.

Klabu walikuwa wamemwagiza kuni za kuchomea nyama ya Jumapili. Alhamisi Nibia alitoka bado giza. Alikuwa anajua mahali coronilla kubwa imeanguka, mti wa makaa safi, na alitaka kuuwahi kabla hajauwahi mwingine. Kufika, akakuta aruera imeikumbatia ile coronilla, matawi yamesukana kama nywele.

Akasimama asalimie. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Simu ilikuwa inasema saa moja asubuhi. Lakini mwezi wa tano kule baridi inaingia, saa moja bado jua halijatoka, na ukungu ulikuwa mzito unaweza kuukata vipande. Mbingu inasema usiku, saa inasema asubuhi. Kama ni usiku, aseme sabalkheri. Kama ni asubuhi, aseme masalkheri. Akikosea, maana yake amesalimia sawasawa, na kusalimia sawasawa ndiyo matusi yenyewe. Alisimama pale na shoka dakika nzima. Kwa Nibia dakika nzima ni mwaka.

"Masalkheri! Sabalkheri!" akafoka. "Chukua unayotaka bibi wee, mimi nina kazi!"

Akaanza kukata. Mwili ulipopata joto akakunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko. Akavuta matawi, akayasukuma kwa kifua, jasho likaja machoni akalifuta kwa glovu. Kijito kilikuwa hatua thelathini tu, maji ya baridi, yanatiririka. Hakwenda kunawa. Ameshasalimia, tena mara mbili, anawe nini?

Saa sita akashusha mzigo klabu. Heber mwenyewe aliupokea na shemeji yake, vifua wazi, wakikumbatia magogo kama watoto wao.

"Kuni nzuri, bibie. Nitakuchomea ubavu wa kondoo uje kuula ukinitazama nacheza."

Nibia alimjibu, ila maneno yale hayaandikiki.

Ijumaa asubuhi mikono ikaanza kuwasha. Mchana shingo. Jioni jicho la kushoto likawa mfereji, na mdomo wa juu ukaanza kuumuka kama unga uliotiwa hamira. Nibia alikuwa na dawa zake mwenyewe. Kwanza maji ya moto, na kweli yanapendeza, unasikia raha mpaka unyayoni, halafu baada ya robo saa kuwasha kunarudi na ndugu zake wote. Kisha akachukua pombe ya miwa na chumvi ya mawe akasugua. Ukelele alioutoa, mbwa wa jirani alihamia kwa jirani mwingine.

Majirani wakaja. Si kusaidia, kuuliza.

"Ulimsalimiaje?" akauliza Shangazi Olinda.

"Yote mawili."

"Yote mawili!" Shangazi akakaa chini. "Umemkuta mtu mzima alfajiri unamrushia salamu kama mifupa, achague mwenyewe. Hata mimi ningekuvimbisha."

"Ilikuwa asubuhi," jirani mmoja akasema, "angesema masalkheri yakaisha."

"Asubuhi gani jua halijatoka? Ule ni usiku."

"Mwenzio anakwambia saa moja!"

"Bibi Aruera ana saa?"

Walibishana mpaka yerba ikapoa, ugonjwa wenyewe wameusahau. Nibia amekaa pembeni anajikuna kwa kucha kumi. Akawafukuza wote kwa kiatu.

Jumamosi aliamka jicho moja limefunga kabisa. Akajitazama kwenye kioo, na mara ya kwanza hakukasirika. Aliogopa. Aliona kile kiti, na Heber juu yake amekunja nne.

"Shangazi," alisema, mdomo mzito, "nipeleke kwa Zulma."

Zulma alikuwa nesi wa zahanati ya pale, mwanamke mfupi, mkali, miwani kwenye kamba. Alimtazama Nibia kutoka mlangoni akasema, "Aruera," kama mtu aliyemtambua jirani. Akamkatisha shangazi kabla hajaanza habari ya salamu.

"Mama Olinda, salamu ni adabu. Hata mimi nikipita nasalimia, sitaki ugomvi na mtu. Lakini sabuni ndiyo dawa. Nibia, ulinawa saa ngapi?"

"Usiku, nilipooga."

"Ukaguse mti asubuhi uoge usiku! Utomvu ule ni kama mafuta, mama. Ukikaa kwenye ngozi dakika kumi tu umeshaingia. Unanawa hapohapo, maji baridi, sabuni, mpaka ndani ya kucha, mara mbili, mara tatu. Hukosi maji, kijito kile kiko pale miaka yote."

"Nilikuwa nimesalimia," Nibia akasema kwa sauti ndogo.

"Kumbe mti ndio ungekunawisha."

Shangazi akacheka kwanza, akakohoa ili isijulikane.

Zulma akamkata kucha mpaka mwisho. Akamwekea vitambaa vya maji baridi usoni, akamfundisha uji wa oti uliopoa, unapaka kwenye mikono unauacha ukauke. Maji ya moto marufuku. Pombe marufuku, labda kunywa, na hata hiyo baadaye. Kujikuna marufuku, maana kidonda kikiingia uchafu ni habari nyingine. Nibia akauliza kama maji ya lengelenge yakimgusa shangazi naye atavimba. Zulma akasema hayo ni maji ya mwili tu, hayaambukizi mtu, kinachosambaza ni utomvu uliobaki kwenye nguo na vyombo. Halafu daktari, ambaye Jumamosi ile ndiyo ilikuwa zamu yake ya kuja, akamwangalia lile jicho, akauliza kama anapumua vizuri, akampa vidonge vya kushusha uvimbe, kwa sababu uso na macho si mahali pa kujaribia uji peke yake.

"Kesho uvimbe utapungua, hautakwisha," daktari akasema. "Itachukua wiki mbili."

"Nitaweza kukaa kwenye kiti?"

Daktari akamtazama. "Kukaa? Umevimba uso, binti."

"Basi inatosha."

Alikuwa anainuka pale Zulma alipoona glovu mapajani mwake.

"Hizo ndizo za juzi?"

"Ndiyo."

"Na umekuja nazo. Na jana ulizivaa?"

"Jana nilipasua kuni za nyumbani..."

Zulma akazibeba kwa koleo akazitia kwenye mfuko wa plastiki. "Unajipaka upya kila siku halafu unamlaumu bibi wa watu. Shoka osha kwa sabuni. Shati na suruali fua peke yake. Mpini, kamba, mkokoteni, vyote. Na hizo kuni ulizokata juzi ziko wapi?"

Hapo Nibia akakumbuka. Matawi yalikuwa yamesukana, ukungu mzito, hasira juu. Ameingiza ngapi za aruera?

"Ziko klabu," akasema. "Za kuchomea nyama kesho."

"Moshi wake ukiingia kifuani mwa watu," Zulma akasema polepole, "hatutazungumza habari ya kuwasha tena. Tutazungumza habari ya gari la wagonjwa."

Sasa hebu mwelewe Nibia hapo. Miaka kumi anakata kuni, na jina lake pale kijijini ni hilo tu, kwamba kuni za Nibia ni safi. Na mtu wa kumwambia ni Heber. Angeweza kumtuma shangazi. Angeweza kwenda usiku akachambua kimyakimya. Alisimama mlangoni pa zahanati, akavuta pumzi kwa pua iliyobaki, akaenda hivyo alivyo, uso kama boga, mchana kweupe.

Heber alikuwa nyuma ya klabu anajisugua mgongo kwenye nguzo kama ng'ombe.

"Mungu wangu!" akasema. "Nani kakupiga? Niambie nimshukuru."

"Heber, nimekosea. Nimeweka aruera kwenye kuni zako. Zisiwashwe."

Heber akaacha kujisugua. Akajitazama mikono, vipele mpaka kwapani. Akafungua shati, tumbo lote jekundu, mistari mistari, kila mahali gogo lilipokaa.

"Mimi nilidhani ni viroboto," akasema. "Shemeji yangu tangu jana analala amevua nguo kwenye sakafu. Kumbe ni wewe!"

Nibia akakunja ngumi kwa mazoea, kisha akakumbuka leo mwenye kosa ni nani. "Ni mimi."

Walitazamana, macho matatu kwa jumla. Halafu Heber akaanza kucheka, tumbo linatikisika, akawa anacheka na kujikuna.

"Usikune, we kitambi! Nenda kaoge na sabuni, maji baridi. Na hilo shati lisiguse ya watoto."

Zulma aliwaletea glovu za mpira na mashati ya mikono mirefu. Wakachambua gogo kwa gogo, wakinusa na kutazama ganda. Za aruera zilikuwa saba. Hawakuzichoma. Walizifukia shimoni nyuma ya uwanja wa mpira, wakaweka na alama. Walipomaliza Heber akaingia baa, akatoka na ndoo ya barafu.

"Weka usoni. Na usidhani nimekusamehe, kesho saa kumi na dakika moja nakaa."

"Utakaa kwenye barafu yako."

Jumapili watu walijaa mpaka madirishani. Saa kumi kasoro dakika kumi mlango ukafunguka, akaingia Shangazi Olinda, na nyuma yake Nibia. Jicho la kushoto lilikuwa limefunguka kama tundu la kibubu. Mdomo bado mzigo. Mashavu hayajulikani yanaanzia wapi. Klabu nzima ikalipuka kwa kicheko.

Alikaa. Alikaa kwanza ndiyo akavua kofia. Heber, aliyekuwa ameshavuta kiti kidogo kwa mguu, akakirudisha.

Ruperto Silvera alimwangalia kwa makini, akamgeukia ndugu yake. "Hivi tunacheza na mtu au tunacheza na boga?"

Hasira ilimpanda Nibia kutoka kwenye nyayo. Ilipita magotini, ikapita kifuani, ikafika usoni na kukuta mlango umefungwa. Hakuna kilichotikisika. Ruperto aliendelea kumtazama, akakunja paji la uso. Alikuwa haoni kitu. Na mbele ya Nibia, Shangazi Olinda, mvivu wa maneno, alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza wiki nzima.

"Leo usinipe ishara," akamwinamia sikioni akamnong'oneza. "Hata mimi siioni. Wewe cheza, mimi nitabeba."

Wakacheza. Maharage ya kuhesabia pointi yakahama huku na huku. Nibia akipata karata nzuri, boga. Akipata mbaya, boga. Ruperto alianza kutoka jasho, mtu aliyezoea kusoma sasa amepewa kitabu kilicholoweshwa na mvua. Ikafika ishirini na nane kwa ishirini na nane, mwisho ni thelathini.

Karata za mwisho Nibia alizifungua kwa kidole gumba. Takataka. Takataka tatu, moja mbaya kuliko nyingine. Shangazi akarusha yake ya kwanza ikaliwa.

"Truco!" akasema Ruperto, yaani anapandisha pointi, akaegemea kiti. Alikuwa na karata kubwa, ilionekana.

Nibia akataka kukataa. Hapohapo mdomo wa juu ukaanza kuwasha. Kuwasha gani huko, kama siafu mia wamepewa amri. Mkono ukainuka wenyewe, akaona kule mlangoni Zulma ameinua kidole, usikune! Akaushusha. Akaung'ata mdomo, taratibu, kwa uchungu.

Ruperto aliona. Macho yalimng'aa. Mchezo mzima alikuwa akisubiri ishara moja ya kuiba, na sasa ndiyo hiyo, kung'ata mdomo, karata kubwa. Rangi ikamtoka.

Nibia akaiona ile rangi inavyoondoka.

"Retruco!" akapiga kelele, naye akapandisha juu yake, mezani maharage yakaruka.

Ruperto akatazama karata zake. Akatazama boga. Akatazama ndugu yake, ambaye hakuwa na msaada. Akazilaza kifudifudi.

"Sitaki."

Anayekataa retruco anawapa wenzake pointi mbili. Thelathini.

Yaliyofuata hayasimuliki kwa utaratibu. Heber ndiye aliyempandisha Nibia juu ya meza, mashati ya mikono mirefu wote wawili, halafu wakasimama pale juu kila mmoja akimfokea mwenzake asijikune. Nyama ililiwa, moshi wa coronilla tupu, hakuna aliyekohoa. Shangazi Olinda aligeuza karata za mpwa wake, akazitazama muda mrefu.

"Na kule kung'ata mdomo?"

"Ulikuwa unawasha, shangazi."

Baada ya wiki tatu Nibia alirudi kilimani, shati limefungwa mpaka kwenye vifundo vya mikono, glovu mpya, kipande cha sabuni kimening'inia shingoni kwa kamba kama medali. Heber alimfuata kwenda kuchagua kuni mwenyewe, maana alisema hamwamini mtu. Walipofika karibu na ule mti, hatua kumi hivi, jua liko utosini, Nibia akasimama akavua kofia.

"Masalkheri, Bibi Aruera," akasema kwa upole ambao Heber hakuwahi kuusikia. "Za kushinda? Watoto wazima?"

Kisha akashuka kijitoni akanawa mpaka kwenye viwiko, ingawa hakuwa amegusa hata jani.

Heber akabaki amemkodolea macho. "Mti unaulizwa mpaka watoto. Na mimi je? Tangu asubuhi nimekuja kwenu, hata habari sijapata."

Nibia akajikung'uta maji, akaweka shoka begani.

"Kwani vipi?"